Kwa nini sumaku inashika sufuria hii na kuikataa ile

Tangu majiko ya indaksheni, yale ya umeme yanayopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, yaanze kuingia majumbani, sumaku imepata kazi mpya sokoni. Pale Ngamiani, Tanga, si ajabu siku hizi kumkuta mama kasimama mbele ya vyombo, mkononi ana kipande cha sumaku kilichong'olewa kwenye spika mbovu, anakigusisha kwenye tako la sufuria moja baada ya nyingine. Jiko jipya limemkatalia sufuria zake zote za alumini, linalia "pii pii" kisha linazima. Jirani kamwambia atafute inayoshika sumaku. Ubishi na muuzaji unaanzia hapo.

"Kaka, hii haishiki. Wewe si umesema stenlesi?"

"Mama, stenlesi orijino haishiki sumaku. Ukiona inashika, hiyo feki."

"Kwa hiyo jiko langu linataka feki?"

Hapo hata wapita njia huchangia, na kila mmoja ana elimu yake. Fundi wa skrepa atakwambia sumaku haidanganyi: ikishika ni chuma, isiposhika ni shaba au alumini, na bei kwenye mizani inakwenda hivyo hivyo. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne juzi atasema sumaku huvuta chuma, nikeli na kobalti, basi. Akiulizwa mbona stenlesi ina chuma tele na nikeli ndani yake na bado haishiki, ananyamaza. Na swali hili litazidi kuulizwa, kwa sababu mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo, na umeme ni mojawapo.

Kwa maoni yangu, mkanganyiko huu umeanzia darasani. Kwa mtaala ambao wengi wetu tuliusoma, kidato cha pili unafundishwa sumaku kwenye daftari la fizikia, na mwaka huohuo unafundishwa atomi kwenye daftari la kemia. Madaftari mawili, walimu wawili, vipindi viwili, na hakuna siku yanapokutanishwa. Ilhali sumaku haielezeki bila atomi, na ile atomi tuliyochorewa ubaoni, kama tutakavyoona, haiwezi kuieleza sumaku.

Tuanze na maneno. Maada ni kila kitu chenye uzito na kinachochukua nafasi: maji, mbao, hewa, damu, sufuria. Maada imejengwa kwa atomi, chembe ndogo kiasi kwamba ukizipanga za chuma mstari mmoja, utahitaji kama milioni nne kufikisha milimita moja. Katikati ya atomi kuna kiini chenye chaji chanya, na nje ya kiini kuna elektroni zenye chaji hasi. Nikisema chuma katika makala haya nakusudia elementi yenyewe, si kila kitu kigumu kinachong'aa. Hivyo vyote kwa pamoja nitaviita metali. Uga wa sumaku ni ile nafasi iliyoizunguka sumaku ambamo nguvu yake inahisiwa. Na ncha ni zile sehemu mbili za sumaku ambako nguvu hiyo inatoka kwa wingi, moja ya kaskazini na nyingine ya kusini. Ukiivunja sumaku katikati hupati ncha moja huku na nyingine kule. Unapata sumaku mbili, kila moja na ncha zake mbili. Endelea kuvunja upendavyo, hali ni ileile. Tayari hapo kuna dokezo kwamba chanzo cha usumaku kimejificha ndani sana, kwenye chembe ambazo nyundo haiwezi kuzifikia.

Jambo la kwanza la kusahihisha ni ile dhana kwamba vitu viko vya aina mbili, vinavyohusika na sumaku na visivyohusika. Hakuna kisichohusika. Mwaka 1845 huko London, Michael Faraday alining'iniza kipande cha kioo kizito chenye madini ya risasi katikati ya ncha za sumaku kali ya umeme, na kioo kikajigeuza kukaa kingamo, kama kinachozikimbia ncha. Akashangaa, akaanza kujaribu kila kilichokuwa karibu: mbao, ngozi, mkate, tufaha, nyama ya ng'ombe, damu. Vyote vilisukumwa, kidogo sana, lakini vilisukumwa. Maji yamo kundi hilo, na shaba, fedha na dhahabu pia. Wanasayansi wanaviita vitu vya dayamagneti.

Mwenye subira anaweza kuliona hili mezani kwake. Chukua zabibu mbichi mbili, hizi za Dodoma zinafaa, zichome kwenye ncha mbili za mrija wa soda, kisha ning'iniza mrija kwa uzi kutoka katikati mpaka ulale sawa. Funga dirisha, maana upepo wa pwani utakuharibia. Mrija ukitulia, isogezee zabibu moja sumaku kali, ile ndogo inayong'aa inayotolewa ndani ya hadidiski ya kompyuta iliyokufa. Usiiguse. Zabibu itarudi nyuma polepole kama inayoona haya. Ni maji yaliyomo ndani yake yanayosukumwa. Mwaka 1997 huko Nijmegen, Uholanzi, Andre Geim na wenzake walitumia sumaku ya takriban tesla 16 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku), mara kumi na zaidi ya mashine nyingi za MRI, zile za hospitali za kupiga picha za ndani ya mwili, ambazo ni tesla 1.5, wakamwelesha chura hewani akiwa hai. Chura hakuwa na chuma cha ajabu tumboni. Alikuwa na maji tu, kama sisi.

Kundi la pili huvutwa, lakini kwa nguvu hafifu ambayo sumaku ya spika haiwezi kuionyesha. Alumini imo humo. Oksijeni pia imo, na hii inawashangaza wengi: ukiipoza mpaka iwe kimiminika, chini ya nyuzi 183 hasi za selsiasi, ukaimimina katikati ya ncha za sumaku kali, inanasa pale hewani, ingali kimiminika, ikiunganisha ncha mbili mpaka itakapochemka na kwisha. Hizi huitwa paramagneti. Kundi la tatu ndilo tunalolijua sote, la vitu vinavyong'ang'ania sumaku na vinavyoweza kuwa sumaku vyenyewe: chuma, nikeli, kobalti, na baadhi ya michanganyiko. Hawa ni feromagneti, na nguvu yao inayapita makundi mengine mara maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana tumewaona wao peke yao.

Karibu nao kuna jiwe liitwalo magnetaiti, chuma kilichoungana na oksijeni, sumaku ya asili iliyojulikana tangu kale. Huhitaji kwenda mbali kulitafuta. Mto Pangani unaanza kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, milima ya volkano, na miamba ya volkano hubeba magnetaiti. Ukipita ufukweni na sumaku uliyoifunga kwa karatasi, ukaikokota kwenye mistari ya mchanga mweusi, punje zitakazosimama juu ya karatasi kama nywele za mtu aliyeogopa ndizo hizo. (Karatasi ni muhimu. Ukiigusisha sumaku moja kwa moja utakesha ukizikwangua.)

Sasa kwa nini makundi matatu? Hapa ndipo daftari la kemia linapotakiwa kufunguliwa.

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmaki alionyesha kwamba waya wenye umeme unageuza sindano ya dira. Umeme unaotembea unazaa uga wa sumaku. André-Marie Ampère wa Ufaransa akapiga hatua ya ujasiri: kama umeme unaotembea ndio sumaku, basi ndani ya chembe za chuma lazima kuna vijito vidogo vya umeme vinavyozunguka bila kukoma. Wakati anasema hivyo, atomi iliyokuwa ikijulikana ilikuwa ile ya John Dalton ya mwaka 1808, kijiduara kigumu kisichogawanyika. Dalton alikuwa na sababu nzuri za kuiamini, kwani ilieleza kwa nini elementi huungana kwa viwango maalumu vya uzito na si holela. Lakini ndani ya kijiduara kigumu hakuna pa kuzungushia chochote. Ampère alikuwa na wazo sahihi lisilo na nyumba ya kukaa.

Nyumba ikaanza kujengwa mwaka 1897, J. J. Thomson alipoonyesha kwamba kuna chembe nyepesi zenye chaji hasi ndani ya kila atomi. Mwaka 1911 Ernest Rutherford akaeleza, kutokana na chembe zilizorushwa kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu na chache zikarudi nyuma, kwamba karibu uzito wote wa atomi umekusanyika kwenye kiini kidogo mno. Mwaka 1913 Niels Bohr akaziwekea elektroni njia maalumu za kupita. Ndiyo picha ya ubaoni: kiini katikati, elektroni zinazunguka kama sayari. Kwa mwanafunzi mwepesi kesi imekwisha. Elektroni ni chaji, inazunguka, chaji inayozunguka ni mkondo wa umeme, mkondo unazaa sumaku. Ampère kashinda, twende tukale.

Haikuwa hivyo, na sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Bohr huyohuyo, katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1911, alikaa chini akapiga hesabu: chukua elektroni nyingi ndani ya maada, zifuate kanuni za kawaida za mwendo na za umeme, zilizojulikana tangu zamani, na maada ikiwa imetulia kwenye joto moja, usumaku wake wote utakuwa kiasi gani? Jibu ni sifuri. Si kidogo, si karibu na sifuri. Ni sifuri kamili. Kila kinachozalishwa na elektroni zinazozunguka upande huu kinafutwa na zinazokwenda upande ule. Mwaka 1919 Hendrika van Leeuwen, mwanafizikia wa Uholanzi, alifikia jibu hilohilo kwa njia yake katika tasnifu yake huko Leiden, na hadi leo kanuni hiyo inabeba majina yao wawili.

Fikiria uzito wake. Kama elektroni ni kitone kinachozunguka kwa kanuni za kawaida, sumaku haiwezekani kuwapo duniani. Wala hakungekuwa na zabibu inayosukumwa. Lakini sumaku ipo, iko pale sokoni mkononi mwa mama. Kwa hiyo kilichokosewa ni picha. (Picha ya sayari ina kasoro nyingine vilevile: elektroni inayozunguka kwa kanuni za kale ingepoteza nishati na kudondokea kwenye kiini ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, hata dunia isingekuwapo.) Siwalaumu walimu kwa kuichora, lazima mtu aanzie mahali. Lawama yangu ni kwamba inafutwa ubaoni bila mwanafunzi kuambiwa kuwa ilikuwa ngazi tu.

Kilichokosekana kilionekana Frankfurt mwaka 1922. Otto Stern na Walther Gerlach walichemsha fedha mpaka ikatoa mvuke, wakaupitisha mkondo mwembamba wa atomi zake katikati ya sumaku yenye uga usio sawa, ukatua kwenye kioo. Kama kila atomi ni kisumaku kinachoweza kuelekea popote, fedha ingetapakaa kwenye kioo kama doa moja refu. Ikatua sehemu mbili, juu na chini, katikati patupu. Stern mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwanzoni hawakuona kitu, mpaka alipokiinamia kioo na pumzi yake ya biri za bei poa, zenye salfa nyingi, ikaigeuza ile fedha kuwa nyeusi, na alama zikajitokeza.

Mwaka 1925 vijana wawili wa Uholanzi, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, wakatoa maelezo: elektroni yenyewe, achilia mbali mzunguko wake, ni kisumaku kwa maumbile. Sifa hiyo inaitwa spini. Wengi hueleza spini kwa kusema elektroni inajizungusha kama pia ya mtoto. Maelezo hayo si sahihi. Kama ingekuwa kipira kinachojizungusha, uso wake ungelazimika kwenda kasi kuliko mwanga. Spini ni sifa ya elektroni kama ilivyo chaji yake. Ina hali mbili tu unapoipima, tuziite juu na chini, na ndiyo sababu fedha ya Stern na Gerlach iligawanyika mara mbili na si mara tano.

Ukishaijua spini, makundi matatu yanaanza kueleweka. Ndani ya atomi elektroni hukaa kwenye nafasi, na kila nafasi inabeba elektroni mbili tu, moja ya juu na moja ya chini. Zikiwa mbili zinafutana. Kitu ambacho elektroni zake zote zimepata wenza, kama maji, hakina kisumaku cha kuelekeza popote. Kinachobaki ni ule msukumo mdogo wa nyuma ambao kila maada inao. Kitu chenye elektroni zisizo na wenza, kama oksijeni yenye mbili za namna hiyo, kina visumaku huru vinavyoweza kugeuka kuelekea sumaku ya nje, kwa hiyo kinavutwa. Atomi ya chuma ina elektroni 26, na ikiwa peke yake nne kati ya hizo hazina wenza.

Mtu makini atauliza: metali ya manganizi ina tano zisizo na wenza, ya kromi ina sita, mbona sumaku haizishiki? Swali zuri kuliko majibu mengi niliyowahi kuyasikia, na ndilo linalotupeleka kwenye sufuria.

Ifikirie bandari ya Tanga asubuhi, mashua zimetia nanga pale Deep Sea. Kila mashua ni kisumaku cha atomi, upepo ni sumaku unayoileta kutoka nje, na mawimbi ni joto. Mashua zikiwa mbalimbali, kila moja na nanga yake, upepo mdogo unajaribu kuzigeuza na mawimbi yanazivuruga. Kwa jumla zinaelekea upande wa upepo kidogo tu, na upepo ukikata kila moja inakwenda zake. Hiyo ni paramagneti. Sasa zifunge mashua ubavu kwa ubavu kwa kamba, makundi makubwa makubwa. Ndani ya kundi zote zinatazama upande mmoja hata bila upepo, ila kundi hili linatazama Ras Kazone na lile linatazama mjini, ndiyo maana msumari wa kawaida hauvuti chochote japo kila kundi ndani yake ni sumaku. Upepo ukija, makundi yanageuka kwa wingi, na ndiyo nguvu kubwa tunayoiona. Upepo ukiondoka, mengine hubaki yalikogeuzwa. Fundi anayesugua bisibisi yake kwenye sumaku ya spika ili ishike skrubu anafanya hicho tu, anayageuza makundi yabaki upande mmoja. Na akiiangusha sakafuni mara kwa mara yanavurugika tena.

Makundi hayo yanaitwa domeni, wazo la Pierre Weiss wa mwaka 1907. Kamba zinazofunga jirani kwa jirani zilielezwa na Werner Heisenberg mwaka 1928, na si nguvu ya sumaku kwa sumaku kama wengi wanavyodhani, kwani hiyo ni dhaifu mno kushindana na joto. Zinatokana na chaji za elektroni zinavyosukumana pamoja na ile kanuni ya nafasi na wenza. La kushika ni hili: nguvu na mwelekeo wa kamba hutegemea jirani yuko umbali gani na amekaa upande gani. Katika chuma, nikeli na kobalti, jirani anapendelea kutazama upande uleule. Katika kromi anapendelea kutazama kinyume, basi elektroni sita zote zisizo na wenza zinafutwa na za jirani. Kwa hiyo usumaku wa kundi la tatu ni mali ya mpangilio, si ya elementi peke yake.

Joto likizidi, kamba zinakatika. Pierre Curie alilichunguza jambo hili na kulichapisha mwaka 1895, na kila feromagneti ina nyuzi zake: chuma ni 770 za selsiasi, nikeli ni kama 358. Mhunzi mzoefu anaijua kwa njia yake. Kabla hajatumbukiza panga kwenye maji au mafuta ili likomae, analigusa na sumaku. Likiwa jekundu kiasi kwamba halishiki tena, ameshajua joto limefika pale anapolitaka au karibu yake.

Tuje stenlesi. Ile inayotumika sana kwenye vyombo ina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8, sehemu kubwa iliyobaki ni chuma. Ukigeuza sufuria au kijiko cha aina hiyo mara nyingi utaona kimepigwa muhuri 18/8 au 18/10. Ndizo asilimia hizo. Kromi inazuia kutu. Nikeli inafanya kazi nyingine, inazilazimisha atomi za chuma zikae kwa mpangilio ambao chuma kitupu kinaukubali tu kikipashwa zaidi ya nyuzi 912. Katika mpangilio huo majirani hawaelewani tena upande wa kutazama, basi usumaku wa wazi unapotea, ijapokuwa chuma kimejaa na nikeli imo. Muuzaji wetu yuko sahihi hapo.

Lakini kuna stenlesi nyingine ya kromi bila nikeli, au yenye nikeli kidogo mno, na muhuri wake huwa 18/0. Mpangilio wake ni uleule wa chuma cha kawaida, na sumaku inaishika barabara. Si feki. Ni ya bei nafuu zaidi na inastahimili kutu na chumvi pungufu kidogo, jambo la kuangalia ukiishi pwani. Na hata ile 18/8 isiyoshika, ijaribu kwenye ukingo uliokunjwa au shingo ya kijiko. Mara nyingi utahisi sumaku inanata kidogo. Kule kukunjwa baridi kiwandani kumezisogeza atomi chache zikarudi kwenye mpangilio wa kushika. Kwa hiyo "inashika kidogo kwenye kona" hakuthibitishi wizi.

Jiko la indaksheni lina hitaji lake. Ndani yake kuna koili inayotoa uga wa sumaku unaogeuka mara maelfu kwa sekunde, uga huo unaamsha mikondo ya umeme kwenye tako la sufuria, na mikondo hiyo ikikutana na ukinzani inazaa joto. Tako linaloshika sumaku linaukusanya uga na kuibana mikondo kwenye tabaka jembamba, linapata moto. Alumini inapitisha umeme kirahisi mno na haikusanyi uga, jiko linaona hakuna kitu na kuzima. Ndiyo maana watengenezaji wengi huchukua sufuria ya 18/10 isiyoshika na kubandika chini yake sahani ya stenlesi inayoshika. Mama anayenunua ajaribu tako, si ubavu, na sumaku ishike sawasawa kuanzia katikati mpaka pembeni. Muhuri wa ubora na uwezo wa kukaa kwenye jiko ni maswali mawili tofauti, na ubishi wote wa sokoni umetokana na kuyaunganisha.

Baada ya hapa uzushi mwingi unajibika wenyewe. Bangili za sumaku zinauzwa kwa madai kwamba zinavuta chuma kilichomo kwenye damu na kushusha presha. Mwili wa mtu mzima una chuma kama gramu nne, na kingi kimefungwa ndani ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kikiwa atomi mojamoja zilizotengana, hazina majirani wa kufungana nao kamba. Linus Pauling na Charles Coryell walipima mwaka 1936: damu yenye oksijeni inasukumwa na sumaku, isiyo na oksijeni inavutwa kidogo, na yote ni hafifu kabisa. Mtu anaingia kwenye mashine ya MRI ya tesla 1.5 na damu yake haivutwi ikakusanyika upande mmoja. Bangili haiwezi kuishinda mashine hiyo. Mwenye presha aendelee na dawa zake.

Mwaka 2021, wakati chanjo ya korona inaanza kutolewa nchini, zilisambaa video za watu waliobandika sarafu begani wakidai chanjo ina sumaku. Dozi ilikuwa nusu mililita, haina metali ndani. Sarafu hunata kwenye ngozi yenye jasho na mafuta, aliyechanjwa na asiyechanjwa, na hata ile isiyoshika sumaku kabisa hunata. Paka poda kwanza, itadondoka.

Limebaki dai la rupia, sarafu za kale za wakati wa ukoloni. Maneno ya rupia ya kale "yenye nguvu" inayovuta punje za mchele yamewapotezea watu fedha zao. Rupia za Mjerumani zilizoanza kutolewa mwaka 1890 zilikuwa za fedha kwa zaidi ya asilimia 90, zilizosalia shaba. Fedha ni dayamagneti, shaba ni dayamagneti, na mchele nao hali kadhalika. Kwa upande wa sumaku hakuna wa kumvuta mwenzake. Punje kavu inaweza kurukia kitu kilichosuguliwa kwa kitambaa, lakini huo ni umeme tuli, na kalamu ya plastiki uliyoisugua kichwani itafanya hivyohivyo. Ukiletewa rupia ya fedha ikashika sumaku ya spika, hiyo ni chuma kilichopakwa rangi. Isiposhika, bado hujajua kitu, kwa sababu shaba, zinki na risasi nazo hazishiki. Mpelekee sonara aipime uzito.